Siku ya Kurudi kutoka Mathari

Mpendwa, jua likishuka pale Busia, mabasi ya Nairobi hupakia mizigo huku malori ya kuvuka Uganda yangali kwenye foleni. Jioni moja, katikati ya kelele hizo, nilimsindikiza binti wa kanisa letu aliyejifungua wiki tatu tu kabla. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Alijibu sauti tusizozisikia, na alimwogopa mtoto wake mwenyewe. Daktari alimdunga sindano ya kumtuliza, akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Mama mkwe alisimama kando ya basi, kichanga kifuani, na gari lilipoondoka hakupunga mkono. Alikuwa akiangalia chupa ya maziwa.

Nikuambie na yaliyotangulia. Kabla ya daktari, tulikesha nyumbani kwake usiku tatu. Mimi ndiye niliyekemea pepo. Sikumuuliza hata mara moja kama amekula, au amelala lini.

Tangu hapo namsoma kuhani Eli kwa macho mengine. Alimwona Hana akiomba, midomo yacheza bila sauti, akadhani ni mlevi. Mzee wa madhabahu, miaka yote ile mbele za Mungu, na bado hakutambua uchungu uliokuwa hatua chache kutoka kitini pake. Lakini Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akayabadilisha maneno yake, akamruhusu aende kwa amani. Je, wewe nawe yupo uliyemdhania hivyo? Bado waweza kumsikiliza.

Ugonjwa ule wa binti yetu, wa kuvurugikiwa akili baada ya kujifungua, huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua. Huja ghafla, haungoji Jumapili, na hospitali ndiyo mahali pake. Unatibika. Sonona, ile huzuni nzito isiyopiga kelele, ni ya wengi zaidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama zetu karibu mama 20 kati ya 100 waliojifungua husumbuliwa na afya ya akili, hasa sonona. Wahesabu akina mama wa kwaya yako, mpendwa, uone.

Huko Uingereza, hospitali ya Cassel ilianza mwaka 1948 kumlaza mama pamoja na mtoto wake, ili matibabu yasiwatenganishe. Nikikumbuka ile chupa ya maziwa pale stendi, natamani wodi ya namna hiyo karibu na mpaka wetu. Kwa sasa safari ni zaidi ya kilomita 400, usiku kucha.

Na jina lenyewe linatisha. Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui, na hadi leo watoto wetu hulitumia jina hilo kutukanana. Kinachoniumiza zaidi ni wale wanaopona huko, kisha ndugu hawaji kuwachukua.

Nikienda Malaba hupita Alupe. Hapo walikusanywa wenye ukoma, enzi ambazo watu waliogopa hata kikombe chao. Siku hizi ukoma ni vidonge vya miezi kadhaa. Lakini kidonge hakimfungulii mtu mlango wa kwao. Huo hufunguliwa na aliye ndani.

Binti yetu alirudi baada ya wiki kadhaa, mnyonge, mikono ikitetemeka kidogo kwa dawa. Mama mkwe alimsalimia kwa lugha yao, "Mulembe," akamwekea mtoto mapajani, akaketi karibu. Hakumuuliza neno. Kila jioni humpa maji ya kumezea dawa, na binti akikataa, huyashika tu na kusubiri. Nimehubiri mara nyingi juu ya uvumilivu. Pale nimeuona umeshika bilauri.

Mimi nilimwomba msamaha kwa zile usiku tatu. Alinitazama muda mrefu. "Pasta," akasema, "nilikuwa nikiwasikia. Nilitaka tu mtu azime taa nilale."

Wiki hii ana kliniki, naye amerudi kuuza omena sokoni. Nilipita pale Jumanne nikauliza nani atamshikia mtoto na meza siku ya kliniki. Jirani yake wa mboga hakuacha kufunga sukuma. "Mlete kwangu alfajiri," alisema. "Na mama yake aje amekunywa uji."