Kuhusu Ile Flash Unayotaka Kuirudisha

Ujumbe wako nimeusoma mpaka mwisho. Wewe si wa kwanza kuniletea jambo hili: mwalimu ana masomo mazuri kwenye CD, akiyafungua anakuta alama ya kijivu mahali palipokuwa na picha, na mtu fulani amemnong'oneza kwamba dawa ni kutafuta Flash ya zamani na kuirudisha kwenye kompyuta. Nimelijibu swali hili mpaka ulimi umeota sugu. Nitalijibu tena kwa sababu wewe umeuliza kabla ya kubonyeza. Wenzako wengi huja wakiwa wameshabonyeza.

Nikisema Flash simaanishi ile flashi unayochomeka ubavuni mwa kompyuta. Nasema Flash Player, programu-jalizi ambayo kivinjari kilivalishwa ili kiweze kuchezesha katuni, michezo, video na masomo ya kubonyezabonyeza, enzi ambazo kivinjari chenyewe hakikuwa na uwezo huo. Ilizaliwa kwa jina la FutureSplash, Macromedia wakainunua mwishoni mwa 1996, na mwaka 2005 Adobe wakaimeza Macromedia yenyewe. Mwaka huohuo YouTube ilianza, na video zake zilipita humo. Kwa muda mrefu ilikuwa taabu kupata kompyuta isiyo nayo. Basi usidhani nakuzungumzia kitu cha hovyo. Kilikuwa kizuri, ndiyo maana watu wanashindwa kukiacha.

Ila kifo chake hakikuwa cha ghafla, na hapo ndipo ninapochoka na malalamiko. Apple hawakuiruhusu kwenye iPhone hata siku moja, na Aprili 2010 Steve Jobs aliandika waraka wa wazi kueleza kwa nini. Novemba 2011 Adobe wenyewe walitangaza kwamba hawataiendeleza tena kwenye vivinjari vya simu. Tarehe 25 Julai 2017 wakasema mwisho kabisa utakuwa Desemba 2020. Mpangaji gani amewahi kupewa notisi ya miaka mitatu na zaidi? Masahihisho ya mwisho yalitoka tarehe 8 Desemba 2020, msaada ukafungwa tarehe 31, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kukataa kuchezesha chochote, maana Adobe walikuwa wameitegea tarehe hiyo ndani yake. Vivinjari vikubwa vikaitoa. Microsoft nao wakaleta sasisho la kuing'oa ile iliyokuja pamoja na Windows.

Unaniambia: CD tulinunua kwa pesa ya shule, kompyuta ni ya shule, Adobe wanapata wapi haki ya kunizuia? Hapo sikupingi, mwanangu. Hasira yako ina haki yake. Waliouza masomo yale hawakumwandikia mwalimu yeyote kumwambia kwamba kazi yao imesimama juu ya mguu wa mtu mwingine, na mguu huo utaondolewa. Waliopata habari mapema ni watu wa programu. Walioachwa gizani ni watu kama wewe, wenye maabara ya kompyuta kuukuu zilizokwisha tumika Ulaya kabla hazijafika kwako. Lakini haki ya kukasirika haigeuzi hatari kuwa usalama, kwa hiyo nisikilize hatari yenyewe ilivyo, usiisikie kwa juujuu.

Julai 2015 kampuni moja ya Italia, Hacking Team, iliyokuwa ikiziuzia serikali zana za udukuzi, ilidukuliwa yenyewe. Katika mafaili yaliyomwagwa hadharani zilikutwa njia za kuingia kwenye kompyuta za watu kupitia matundu ya Flash ambayo Adobe walikuwa hawayajui. Siku chache tu zikapita, wahalifu wa kawaida wakawa wanazitumia. Mwezi huohuo mkuu wa usalama wa Facebook, Alex Stamos, aliwataka Adobe hadharani wataje tarehe ya kuizika. Mwanzoni mwa 2018 likatokea tundu jingine, mara hii Korea Kusini, na ujanja wake ndio nataka uukumbuke kuliko mengine yote: lilisafiri ndani ya faili ya Excel. Mtu hakwenda tovuti yoyote mbaya. Alifungua jedwali la kazi, na kile kipande cha Flash kilichofichwa humo kikafanya kilichotumwa kufanya. Kwa hiyo ukiniambia "sisi hatuvinjari ovyo, ni masomo tu", nakuuliza: na mitihani mnayotumiana kwa barua pepe je? Na flashi za wanafunzi?

Matundu hayo Adobe waliyaziba. Walikuwa na watu wa kazi hiyo, na bado kila mwezi yaliibuka mapya. Baada ya Desemba 2020 hakuna anayeziba kwa ajili yako. Adobe walistaafu, wezi hawakustaafu.

Tena kuna jambo ambalo vijana hawalifikirii. Adobe waliondoa Flash Player kwenye kurasa zao za kupakua. Sasa wewe ukiandika jina lake mtandaoni na kupata kitufe kikubwa cha kijani, aliyekiweka pale ni nani? Wenye nia mbaya walilitumia jina hilo hata lilipokuwa hai. Oktoba 2017 virusi vilivyoitwa Bad Rabbit vilienea Urusi na Ukraine kwa kutumia tovuti za habari zilizodukuliwa: msomaji aliambiwa asasishe Flash, akakubali, na mafaili yake yakafungwa mpaka alipe fidia. Hapo hapakuhitajika tundu lolote la Flash. Ilitosha mtu kuizoea na kuiamini. Na usije ukaniambia lipo toleo la Uchina ambalo bado linatolewa kihalali na mshirika wa Adobe. Lipo. Februari 2021 watafiti wa Minerva Labs walilichunguza wakakuta limekuja na msaidizi wake wa kufungua madirisha ya matangazo ambayo mtumiaji hakuyaomba. Ndiyo uhalali huo.

Lile jingine ulilonong'onezwa, la kurudisha nyuma saa ya kompyuta, limenichekesha, ingawa kweli linafanya kazi. Ukiiambia kompyuta kwamba leo ni mwaka 2020, ile tarehe iliyotegwa haifiki, na somo linacheza. Lakini si Flash peke yake inayoisoma saa hiyo. Vyeti vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ya benki kweli, au ya baraza la mitihani kweli, vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoishi miaka ya nyuma itavikataa vyote kwa kuwa havijazaliwa. Utaona onyo kila ukurasa, utazoea kulipuuza, na siku onyo litakapokuwa la kweli utalipuuza pia. Alama za wanafunzi utazihifadhi zikiwa na tarehe za uongo. Yote hayo kwa ajili ya katuni ya moyo unaopiga kwenye CD!

Wakubwa pia walijaribu njia zao, kwa hiyo usijione mshamba. Huko Dalian, Uchina, wafanyakazi wa reli walikuta asubuhi ya tarehe 12 Januari 2021 kwamba kurasa zao za kuangalia ratiba za treni hazifunguki. Wakahangaika, wakarudisha toleo la zamani lisilo na ile tarehe, kisha wakaandika habari ya ushindi wao kwa majivuno. Dunia iliwacheka. Mimi niliwahurumia, kwa kuwa treni haisubiri mtu aandike upya mfumo. Ila kushinda siku ile hakukuwa kumaliza tatizo, waliliahirisha tu.

Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, nayo iliamka Januari hiyohiyo ikiwa na fomu za kodi ambazo bado zilihitaji Flash. Walichofanya ni kutengeneza kivinjari chao wenyewe, chenye Flash ndani, wakawapa walipa kodi wakipakue. Kilikuwa cha Windows tu; mwenye kompyuta ya Mac akabaki anakodoa macho. Nao walichekwa, na kwa chombo cha serikali kilichokuwa na notisi tangu 2017 kicheko hicho ni halali. Lakini lipo jambo moja walilolifanya kwa akili, nami nataka ulichukue hilo uache mengine: kivinjari kile kilikuwa hakiendi kokote ila kwenye tovuti ya SARS. Walikubali kwamba wanabeba kitu kibovu, wakakifungia chumba chake.

Sasa tuje kwenye CD zako. Swali la kwanza, ambalo naamini hukujiuliza: je, zinahitaji kivinjari kweli? Ifungue CD, usibonyeze kitu, tazama majina ya mafaili. Wachapishaji wengi wa enzi zile walifunga somo na programu ya kulichezesha pamoja katika faili moja inayoishia na herufi exe. Faili ya namna hiyo haijali kama Flash imeng'olewa kwenye kivinjari, kwa sababu imebeba Flash yake tumboni, na ile tarehe ya Januari 2021 haiigusi. Huenda somo lako halikufa kabisa, umekuwa tu ukilifungulia mlango usio wake. Nimeona watu wakitafuta Flash kwa wiki nzima huku faili yenyewe iko pale pale, kabrasha moja chini.

Ukikuta mafaili yanaishia na swf, basi jaribu Ruffle kabla ya kitu kingine. Hii ni programu ya bure, iliyoandikwa upya kabisa na watu wengine, inayojifanya Flash bila kuwa Flash. Haina hata mstari mmoja wa Adobe. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo kwa umbile lake inazuia aina nyingi za yale makosa ya kumbukumbu ya kompyuta yaliyokuwa yakiiponza Flash, na ndani ya kivinjari inakaa katika mipaka ileile inayoibana tovuti yoyote. Internet Archive, ile maktaba kubwa ya mtandao, ilianza kuitumia Novemba 2020 kuhifadhi katuni na michezo ya zamani. Nikuonye mapema: haichezeshi kila kitu. Kazi za zamani zaidi huwa zinatii. Zile zilizotengenezwa kwa ActionScript 3, lugha iliyokuja mwaka 2006, ndizo huleta ukaidi, ingawa Ruffle inazidi kujifunza. Usijaribu somo moja ukakata tamaa. Jaribu yote, uandike kwenye daftari lipi limecheza na lipi limegoma.

Yaliyogoma, na tu kama kweli huwezi kufundisha bila hayo, yatengee kompyuta moja. Moja, si maabara nzima. Itoe mtandaoni: waya uchomoe, wifi uizime na ikiwezekana uitoe kabisa kadi yake. Isiwe na alama za wanafunzi, isiwe na barua pepe ya mtu, isiwe ile ambayo mhasibu huazima mwisho wa mwezi. Mafaili yaingie mara moja kutoka kwenye CD zako mwenyewe, kisha flashi za watu zisiiguse tena. Bandika karatasi juu yake inayosema kwa nini, kwa maana wewe utahamishwa na atakayekuja ataona kompyuta nzuri isiyo na intaneti, aone huruma, airudishe mtandaoni. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko wadukuzi wote wa dunia.

Na kabla hujafika huko, angalia kama mtu ameshakufanyia kazi. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, ulikuwa na maigizo mengi ya sayansi yaliyojengwa kwa Flash na Java. Hawakukaa kulia. Wamekuwa wakiyajenga upya kwa HTML5, lugha ambayo kivinjari chochote cha sasa kinaielewa bila kuvalishwa kitu, na unaweza kuyapakua ukayatumia pasipo intaneti, bure. Lile somo la saketi za umeme ulilonitajia ninaamini utalipata humo likiwa bora kuliko lile la kwenye CD. La mzunguko wa damu sina hakika nalo, hilo litafute.

Mchapishaji wa zile CD mwandikie, hata kama unadhani duka limefungwa. Usimwombe Flash. Muulize kama bado anayo mafaili asilia yanayoishia na fla, yale ambayo mchoraji alifanyia kazi kabla ya kuyafunga, na kama anaruhusu shule iyageuze. Kutoka kwenye fla mtu anayejua kazi anaweza kulitoa somo upya kwa HTML5. Kutoka kwenye swf iliyokwisha fungwa ni kazi ya kuchokonoa. Wengi hawatajibu. Wengine watakupa kila kitu kwa shukrani, maana hawakujua kwamba bado kuna mtu anayafundishia.

Barua hiyo iandike Jumatatu, nakala yake mpe mkuu wa shule, na orodha ya masomo yaliyogoma uiambatanishe. Ukikwama kwenye Ruffle nitumie jina la faili na maneno ya kosa kama yalivyo, usiyafupishe. Na yule aliyekunong'oneza habari ya kurudisha saa, mwambie anitafute, naye nina maneno yake.