Ukuta Uliopakwa Rangi Nyeusi

Mtaani kwetu Dar es Salaam ukuta ulikuwa na maneno machache: usikojoe hapa, nyumba hii haiuzwi, na ile X nyekundu ya bomoabomoa. Mengine yote yalikuwa utundu, na mtundu alichapwa. Ndiyo maana nilipofika Berlin nilizipita kuta zake za rangi kama mtu anayeruka dimbwi.

Mwenyeji wangu, bibi aliyekulia upande wa mashariki, hakunisema. Alinipeleka tu Mühlenstrasse, kwenye kipande cha Ukuta wa Berlin kilichobaki. Wakati upande wa magharibi watu walikuwa wakichora watakavyo, upande huu ulipakwa chokaa nyeupe na kuachwa kimya. Ukuta ulifunguliwa 1989. Mwaka uliofuata wasanii 118 kutoka nchi 21 wakaufunika kwa michoro, mita 1,316. Wageni walijazana mbele ya busu la Brezhnev, kiongozi wa Usovieti, na Honecker wa Ujerumani Mashariki, lililochorwa na Dmitri Vrubel. Nami nilipiga picha, siwezi kujitakasa. Bibi alisubiri pembeni. Michoro hii ilirudiwa upya 2009, akasema, na tangu hapo yeye huiona kama nguo ya sikukuu: safi, lakini si ya kila siku.

Tukavuka daraja la Oberbaum hadi Kreuzberg, mtaa wa Cuvry. Hapo msanii wa Italia aitwaye Blu alichora majitu makubwa mwaka 2007 na 2008. Mmoja alikuwa mtu wa suti na tai, saa za dhahabu mikononi, na saa hizo zimeunganishwa kwa mnyororo kama pingu. Desemba 2014, usiku mmoja, yote yakapakwa rangi nyeusi kwa ridhaa ya Blu mwenyewe. Kiwanja cha mbele kilikuwa kinangoja majengo mapya, na kodi za nyumba mtaani zilishaanza kuwahamisha wakazi. Hakutaka kazi yake iwe pambo la kumvutia mpangaji tajiri.

Hapakuwa na cha kupiga picha. Nikasimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya lile busu, nikijaribu kuona kisichokuwepo. Kisha nikaangua kicheko. Bibi akauliza kulikoni, nami nikaanza kumweleza habari za jirani yetu, aliyeamka alfajiri na kopo la rangi kuandika ukutani kwake kwamba nyumba hii haiuzwi.