Boya la Mbali na Wajibu wa Kulitunza

Je, anayeacha kutunza kitu kinachowafaa watu wa mbali, wasiomjua, amewakosea? Nitalijibu swali hili kwa mfano wa maboya ya kisayansi yaliyotiwa nanga katika Bahari ya Pasifiki, kandokando ya ikweta.

Mtandao wa maboya hayo, yapatayo 70, ulikamilika mwaka 1994. Hupima upepo na joto la maji hadi kina cha mita 500, kisha hutuma vipimo kwa satelaiti. Lakini betri huisha, chumvi hula vyuma, na wavuvi hufunga mashua hapo kwa sababu samaki hupenda kukusanyika chini ya boya. Kwa hiyo lazima meli irudi kubadilisha vifaa mwaka hadi mwaka, kazi ngumu isiyo na sifa. Mwaka 2012 meli ya Marekani iliyoifanya, Ka'imimoana, ilisimamishwa ili kubana matumizi. Kufikia mwanzo wa 2014, vipimo vilivyopatikana vilishuka hadi takriban asilimia 40.

Jambo hili latuhusu. Maji hayo yakipata joto kupita kawaida huja El Niño, ambayo mwaka 1997 ilichangia mafuriko makubwa Afrika Mashariki, hata kwetu Uganda tusio na pwani.

Huenda mtu akasema kwamba msaada si deni: aliyeligharimia boya ana haki ya kuliacha. Hoja hii ina uzito, kwani mkulima wa Uganda hakulichangia hata msumari. Hata hivyo, aliyewazoesha majirani kuitegemea taa yake hawezi kuizima kimya kimya usiku. Angalau anawiwa kuwaambia mapema, ili nao wachange mafuta.

Tena kuna hasara ya pekee hapa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inatupa nafasi ya pili: ukuta hujengwa upya, ingawa kwa gharama. Joto la bahari la jana, lisipopimwa jana, halipimiki tena. Pengo hilo wataachiwa hata wasiozaliwa bado.

Naona basi kwamba kosa lipo, lakini si la mwenye meli peke yake. Wajibu wa kutunza unawafuata wote wanaonufaika, nasi tunaosubiri utabiri wa mvua kila msimu tumo. Kutokuwa na bahari hakututoi katika hesabu hiyo.