Sahani Adimu

Mtu akusanyaye vitu huulizwa na jirani zake kama anavipenda au anavitamani. Maneno hayo mawili hukaa karibu sana katika moyo, hata mwenye moyo mwenyewe hushindwa kuyatenga. Mimi ni mkusanyaji wa sahani za santuri tangu nilipokuwa katika chuo cha ualimu, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Zamani nililijibu upesi. Siku hizi silijibu upesi tena, na sababu yake nitaieleza kabla ya kuweka kalamu chini.

Yafaa nianze na sahani zenyewe, maana wengi wenu mmezaliwa katika wakati ambapo wimbo hutoka katika simu kama maji ya mfereji, wala hakuna aulizaye yametoka chemchemi gani. Sahani ndefu, ile iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika moja, na kila upande wake hubeba muziki wa dakika ishirini na kitu. Juu ya upande mmoja mna mfuo mmoja tu, mwembamba sana, uendao ukizunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na kati. Sindano hupita ndani ya mfuo huo, kuta zake huitikisa, na mtikisiko ule hukuzwa ukawa sauti. Lakini kila ipitapo, sindano hula mfuo kidogo. Jambo hili liwekeni akilini: sahani ya santuri haiwezi kusikilizwa bila kupunguzwa.

Sahani nizipendazo mimi ni za roki ya miaka ya 1960 na 1970, na hasa ya namna ile iitwayo saikedelia. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja la nafsi na jingine la kudhihirisha. Wapigaji wake walitaka masikio yaone ndoto. Mwaka 1966 The Beatles wa Uingereza walitoa sahani iitwayo Revolver, na katika wimbo wake wa mwisho mna kanda zilizochezwa kinyumenyume, na sauti ya John Lennon iliyopitishwa katika spika ya kinanda, spika izungukayo ndani ya kasha lake. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani mashine yangu imeharibika. Niliisimamisha, nikaikagua waya kwa waya, nikaiwasha tena, na kilio kile kikarudi vile vile. Ndipo nilipofahamu kuwa nilichodhani ni ubovu kilikuwa ni kusudi. Mwaka uliofuata alitokea Jimi Hendrix, Mmarekani aliyepatia sifa zake London, ambaye gitaa mikononi mwake liliweza kuguna, kucheka na kulia. Mpaka leo wimbo mzuri wa aina hii hunipa hali ya mtu aliyeingia nyumba aijuayo na kukuta chumba asichopata kukiona.

Sitawaficha kuwa wengi wa wapigaji wale walitumia madawa ya kulevya. Syd Barrett, aliyetunga sehemu kubwa ya sahani ya kwanza ya Pink Floyd mwaka 1967, alitengana na wenzake mwaka uliofuata akiwa amevurugika akili. Wako wasemao kwamba ndoto ile haipatikani bila sumu ile. Mimi huipata kila Jumamosi kwa kikombe cha chai.

Sasa nije kwenye swali. Mwaka 1968 The Beatles walitoa sahani mbili katika jalada moja jeupe lisilo na picha, na kila jalada la matoleo ya kwanza likapigwa namba yake. Nakala yenye namba 0000001 ilikuwa ya Ringo Starr, mpiga ngoma wa kundi hilo, na kwa miaka mingi ilihifadhiwa benki. Mwezi wa Desemba 2015 iliuzwa katika mnada huko Marekani kwa dola 790,000. Mnunuzi alinunua nini? Hakununua nyimbo, maana nyimbo zile zile zimo katika nakala ambayo mwalimu wa shule aweza kuipata kwa mshahara wake. Hakununua hata sauti bora, maana mfuo haujui namba ya jalada lake. Alinunua haki ya kusema kuwa yeye ndiye na wengine siye.

Uko mfano mwingine wa ajabu zaidi. Mwaka 1966 kampuni ya Capitol ya Marekani ilitayarisha sahani ya kundi hilo hilo iitwayo Yesterday and Today. Jaladani palikuwa na picha ya vijana wanne wamevaa makoti meupe ya bucha, wamezungukwa na vipande vya nyama na viungo vya wanasesere. Watu walichukizwa. Kampuni iliyarudisha majalada, na mengi yakabandikwa juu picha nyingine ya upole. Leo wako mafundi waijuao kazi ya kuibandua picha ya juu bila kuichana ile ya chini, na jalada ambalo kampuni ililionea haya limekuwa ghali kuliko majalada iliyojivunia. Ikiwa aibu yaweza kupandisha bei kuliko ustadi, basi bei ni shahidi dhaifu wa ubora. Yatuambia idadi ya watakao na uchache wa kitakwacho, na hapo elimu yake hukoma.

Hata hivyo, singependa kumhukumu mkusanyaji upesi, wala si kwa kuwa mimi ni mmoja wao tu. Tazameni yaliyotokea Zambia. Katika miaka ya 1970 vijana wa Lusaka na wa miji ya machimbo ya shaba walishika magitaa ya umeme wakapiga roki yao wenyewe, yenye ukali wa Uingereza na mwendo wa ngoma za nyumbani. Muziki huo huitwa Zamrock. Kundi lililosifika sana liliitwa WITCH, na mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alipewa na watu jina la Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones. Sahani zao zilitengenezwa kwa uchache, na baadhi ya sahani za Wazambia wa wakati ule zilirekodiwa papa hapa Nairobi. Kisha bei ya shaba ikaanguka, ukata ukaingia, makundi yakavunjika, na ukimwi ukachukua wapigaji wengi. Jagari alikwenda kuchimba vito ardhini. Na katika miaka ile ile aliyokuwa akichimba, sahani zake chakavu zilikuwa zikipita kutoka mkono hadi mkono Ulaya na Marekani kwa bei kubwa, naye asipate hata senti. Maana sahani kuukuu iuzwapo, fedha huingia katika mfuko wa muuzaji peke yake.

Hapo mwenye haki hukasirika, na hasira yake ni halali. Lakini wakili wa mkusanyaji naye ana la kusema. Mara nyingi kanda za asili hupotea, na sahani iliyotunzwa vizuri na mtu mmoja mwenye wazimu wa sahani ndiyo itumiwayo kutengenezea toleo jipya. Pasipo choyo ya wachache, huenda walio wengi wasingesikia kitu. Nyimbo za WITCH zilitolewa upya na kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, zikawafikia vijana ambao hawakuwa wamezaliwa zilipopigwa mara ya kwanza. Jagari alirudi jukwaani akiwa mtu mzima, na mwaka 2023 kundi lake lilitoa sahani mpya iitwayo Zango. Basi je, choyo ni fadhila ikiwa matunda yake ni mema? Mimi nasema la. Mtu akificha chakula wakati wa njaa, kisha akasahau mlango wazi na watoto wakala, watoto wameshiba kweli, lakini hatumwiti mkarimu. Tofauti iko katika kile alichokuwa akikilinda: je, alikilinda kwa ajili ya wenye masikio, au alikilinda dhidi yao?

Nimeyasema hayo kwa sauti ya hakimu, na sasa sina budi kusimama kizimbani.

Mjomba wangu alikuwa karani mjini Nairobi katika miaka ya 1970, na mshahara wake wa ujana uliishia katika muziki. Alipohamia shamba alinipa kasha la sahani zake, na ndani yake ikawamo moja ya kundi la Zambia. Jina lake ameliandika jaladani kwa wino, na chini yake tarehe aliyoinunua. Mfanyabiashara mmoja wa sahani aliitazama chini ya taa, akaigeuza mara mbili tatu. Alisema jina lile la wino ni doa, na upande wa pili una mkwaruzo mwembamba upunguzao bei, lakini hata hivyo akanitajia kiasi kilichonikosesha usingizi. Tangu siku ile sikuicheza. Niliivika mfuko wa plastiki nikaiweka juu ya kabati, na nilipotaka kuzisikia nyimbo zake nilisikiliza toleo jipya katika simu, mpaka nikazijua neno kwa neno.

Jumapili moja mjomba alikuja kunitembelea. Baada ya chakula alitazama santuri yangu, akasema, "Mwalimu, hebu niwekee ile ya Wazambia."

Nikamwambia, "Sindano imevunjika, mjomba."

Sindano ilikuwa nzima. Niliogopa kuwa mfuo utaliwa, na kwamba mikono yake, ambayo sasa hutetemeka kidogo, ingetaka kuishika yenyewe. Mwenye sahani alikuwa mbele yangu, jina lake limeandikwa jaladani, nami nikamnyima kwa ajili ya mnunuzi nisiyemjua, ambaye huenda hatakuja kamwe.

Yeye hakuona kitu. Alisema si neno, akaanza kupiga meza kwa vidole na kuimba. Aliimba kwa Kiingereza cha ujana wake, akaigiza gitaa kwa mdomo, akafumba macho. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni kumsikiliza. Katika wimbo wa tatu wa upande wa pili aliruka maneno, akatua mbele zaidi bila kusita na kuendelea kana kwamba hakuna kilichopungua. Nilimhurumia. Nilidhani uzee umeanza kumla kumbukumbu, na moyoni nikajiona mimi ndiye niujuaye wimbo ule kwa ukamilifu wake.

Alipokwisha kuondoka, nyumba iliniwia kimya mno. Nilipanda juu ya kiti, nikaishusha sahani, nikaivua mfuko wake na kuiweka mashineni. Nilisikiliza upande wa kwanza wote, kisha nikaugeuza. Ulipofika wimbo wa tatu, sindano iliukuta mkwaruzo ikaruka. Iliruka pale pale aliporuka mjomba, ikatua juu ya neno lile lile alilotua.

Asubuhi nilimpigia simu nikamwambia kuwa sindano haikuwa imevunjika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama Jumapili nitakuwapo nyumbani.