Je, Yafaa Kusherehekea Urithi Uliozaliwa na Utumwa?

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mnamo Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sisi walimu wa lugha hii hapa Rumonge tumejiwekea desturi ya kuiadhimisha. Hatuna makuu. Wanafunzi hughani mashairi, huigiza visa vifupi kwa mtindo wa michezo ya redio, na mwishowe hufunguliwa muziki, nao vijana wakacheza rumba. Maana katika ufuko huu hapana sherehe iliyokamilika pasipo rumba. Katika matayarisho ya sherehe moja ya namna hiyo, mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, bibi yangu asema Kiswahili kililetwa na watu waliokuja kuwakamata wazee wetu. Mbona basi twakifanyia sherehe?"

Tulimjibu haraka, na jibu lenyewe lilikuwa baya. Tulimwambia kuwa hayo ni mambo ya kale, yamekwisha pita. Mtoto aliketi, wala hakuuliza tena siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu kwa adabu zaidi, na twayaandika mbele ya walimu wenzetu kwa kuwa twaamini kuwa si sisi peke yetu tuliokwisha kuulizwa swali hilo.

Kwanza tukiri kwamba bibi yule hakuzua. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha tangulia. Kutoka Ujiji watu hao walivuka ziwa na kupanda kwa mitumbwi kandokando ya fuko zake, wakitafuta pembe za ndovu, na wakitafuta watu. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu Ujiji, na majeshi yake yakafika mpaka upande wetu. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wasiitwae nchi ya milimani. Waliochukuliwa walipelekwa Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, na waliofika salama wakavushwa kwenda Unguja. Kiswahili kilisafiri njia hiyo hiyo, kikielekea upande wa pili.

Na sisi walimu wa lugha tuna ushahidi mwingine, ulio ndani ya kamusi zetu wenyewe. Neno "mshenzi" lilitumiwa na watu wa misafara kuwaita watu wa bara, yaani sisi. Ng'ambo ya ziwa, Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na jina hilo lina kejeli yake, kwa sababu wengi wa hao waliojiita waungwana walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, waliojivika uungwana ili wapate pa kusimama. Mwalimu anayefundisha maneno haya bila ya kueleza yalikotoka huwa amefundisha nusu ya somo.

Lakini tulipokuwa tukilitafakari swali la mtoto yule, tuligundua jambo lililotushangaza. Yeye aliuliza juu ya lugha. Juu ya rumba hakuuliza. Wala hatujapata kumsikia mtu wa Rumonge akiuliza. Wavuvi wetu huondoka jioni na taa zao kwenda kutega dagaa, na aghalabu mna redio chomboni. Huko majini husikilizwa gitaa la Kinshasa usiku kucha, wala hakuna anayeliita gitaa hilo la kigeni. Ilhali rumba nayo ilizaliwa na tumbo lile lile.

Watu wa nchi ya Kongo, upande wa Bahari ya Atlantiki, walikamatwa na kupakiwa melini kwa karne kadhaa, wengine wakafikishwa Kuba, koloni la Hispania, ambako utumwa haukufutwa mpaka mwaka 1886. Hawakuruhusiwa kuchukua kitu. Mapigo ya ngoma hayapokonyeki, basi yakafika. Huko yakakutana na gitaa na beti za Kihispania, na kutokana na makutano hayo, yasiyokuwa ya hiari, ukatokea muziki uliopendwa duniani. Kuanzia mwaka 1933 sahani za santuri za Kikuba zenye alama ya GV zilianza kuuzwa katika Afrika, nazo zikafika Leopoldville. Watu wa huko waliusikia muziki huo kwenye santuri na redio, wakautambua kama mtu anavyotambua sauti ya ndugu aliyepotea. Joseph Kabasele na African Jazz yake, na Franco na OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956, waliufanya kuwa wao. Inajulikana sana kwamba wanamuziki wa siku zile waliimba hata maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa, na mengine waliyabuni tu yafanane na Kihispania. Kisha redio ikaupeleka muziki mashariki, hata lugha yetu ikaingia humo: Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuimba rumba kwa Kiswahili hadi kufa kwake mwaka 2010. Desemba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kutangazwa siku ya lugha yetu, UNESCO iliitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Hivyo kijana wa Rumonge anayecheza rumba siku ya Kiswahili anasherehekea kwa pamoja mambo mawili ambayo yasingalikuwapo lau kama watu wasingaliuzwa: moja lililovuka Atlantiki na kurudi, na moja lililotujia kutoka Bahari ya Hindi. Je, afanya vibaya?

Wenye Kihispania walikwisha kulikabili swali hili kabla yetu. Huko Marekani, kati ya tarehe 15 Septemba na 15 Oktoba, husherehekewa urithi wa watu wa asili ya nchi zenye kusema Kihispania; ilikuwa juma moja tangu mwaka 1968, ikafanywa kuwa mwezi mzima mwaka 1988. Redio hutenga vipindi vya hadithi za wazee, muziki na mapishi. Ila lugha hiyo nayo ilifika Amerika kwa upanga. Tazama basi tarehe ya kuanzia: 15 Septemba ni siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, mwaka 1821. Lakini ndani ya mwezi huo huo imo tarehe 12 Oktoba, siku Columbus alipofika. Uhuru na uvamizi vimo katika kapu moja, na msherehekeaji hawezi kuchukua kimoja akakiacha kingine. Kadhalika 7 Julai yetu ni siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Tumechagua siku ya ukombozi, na tumefanya vema, lakini misafara ya Ujiji haikufutika kwa kuchagua tarehe nzuri.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Tumeifundisha methali hii miaka mingi bila ya kuitilia shaka, na sasa twaona kuwa yamkini iliwaonea watumwa. Mtumwa wa Kuba hakukataa kwao. Kwao ndiko alikokatazwa. Yeye, aliyenyang'anywa jina na ndugu, ndiye aliyeushika mdundo wa kwao mpaka ukatufikia sisi tuliobaki. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye ufunguo wa jibu. Anayesherehekea rumba hamsifu mwenye meli, bali huipokea kazi ya mikono ya aliyepakiwa melini. Na Kiswahili vivyo hivyo: hakikujengwa na wenye misafara peke yao. Kilijengwa na wapagazi, na wanawake waliouzwa wakalea watoto katika lugha ya ugenini, na wavuvi waliokihitaji sokoni. Kuwaachia wafanyabiashara wa pembe lugha nzima, eti kwa sababu wao ndio waliokuja nayo, ni kuwadhulumu hao mara ya pili.

Historia ya ziwa letu ina kisa kimoja kinachoonyesha jinsi zawadi hizi zinavyorudishiana. Mwezi wa Aprili 1965, Wakuba walivuka kutoka Kigoma wakatua Kibamba, kusini-magharibi ya hapa, ng'ambo ya maji, kuwasaidia waasi wa Kongo. Wengi wao walikuwa weusi, wajukuu wa waliouzwa. Majina yao ya siri yalikuwa hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, na Che Guevara mwenyewe akaitwa Tatu. Aliyepewa kazi ya kumfundisha Kiswahili alikuwa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alikwenda Kuba, akasoma udaktari na kuishi huko hadi kufa kwake mwaka 2005. Vita vile vilishindwa, na mwezi wa Novemba Wakuba waliondoka. Hatusemi lolote juu ya siasa yake. Tunachotazama ni mjukuu wa Mwafrika aliyepotezewa lugha, akirudi Afrika na kupewa jina katika lugha ambayo nayo ilitembea na minyororo.

Mwenzetu mmoja katika ualimu hakubaliani nasi. Asema siku ya furaha si siku ya kufukua makaburi, na kwamba katika Burundi Kiswahili kina maadui wa kutosha. Hoja yake si nyepesi. Kuna wanaolitumia neno "Mswahili" kwa maana ya mtu mjanja, asiyeaminika. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikupewa daraja hiyo. Tukiwaambia watoto habari za Rumaliza, je, hatuwapi maadui hao fimbo ya kutuchapia?

Twajibu kwamba fimbo hiyo wanayo tayari. Bibi yule anayo. Asichoambiwa na mtu ni sehemu iliyobaki ya kisa. Baada ya mauaji ya mwaka 1972, yaliyoikumba Rumonge kuliko sehemu nyingi, maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto waliozaliwa huko waliporudi walikuja na Kiswahili kinywani, wengine Kirundi kikiwa kizito kwao, na wakaitwa wageni katika vijiji vya baba zao. Kwao lugha hii ilikuwa nyumba iliyowapokea walipokimbia. Baadhi ya watoto wao tunao darasani, nao waliketi safu moja na mjukuu wa yule bibi siku alipouliza swali lake.

Sherehe iliyofuata tulimwomba mtoto yule aandike aliyosimuliwa na bibi yake kama alivyosimuliwa. Aliandika kwa Kirundi, maana bibi alimsimulia kwa Kirundi, na tulimwacha asome hivyo hivyo mbele ya watu, katika Siku ya Kiswahili. Alisoma kwa muda wa dakika sita hivi, na hakuna aliyekohoa. Baadaye kijana mmoja aliyezaliwa Mishamo alikitafsiri kisa chote kwa Kiswahili, kisha ukafunguliwa muziki. Mwenzetu aliyetupinga alisema tumeiharibu siku, na mpaka leo bado twabishana naye.