Sauti Tano kwa Pamoja

Mwanafunzi wa muziki akiniuliza aanze na tamthilia ipi ya nyimbo, namtajia West Side Story, iliyofika Broadway mwaka 1957. Muziki ni wa Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo ni ya Stephen Sondheim. Kabla ya mapigano ya magenge mawili kuna wimbo wa ajabu: magenge hayo, mhusika aitwaye Anita na wapenzi wawili wanaimba kwa wakati mmoja, kila upande na nia yake, na bado unawasikia wote! Rudia hapo, mwanangu, ukifuata sauti moja moja. Kisha itazame Sarafina! ya Mbongeni Ngema, Afrika Kusini, 1987. Muziki wake wa mbaqanga umebeba hasira na furaha ya wanafunzi wa Soweto.