VISIMA VILIVYOFUKIWA

Somo: Mwanzo 26:12-33



Mchungaji wetu aliniomba niandike mafundisho ya mwezi huu, nami nikamwomba ruhusa niseme habari za maji. Alicheka akasema, "Mwalimu, watu watadhani unatafuta udiwani." La, siutafuti. Niliweka chaki chini mwaka 2020, na magoti yangu hayawezi kampeni. Lakini ninalo deni, na deni hilo lahusu maji, nikaona heri nilitaje mahali ambapo kila mtu atalisoma.

Fungueni kwanza Biblia zenu. Isaka alikaa katika nchi ya Gerari, akapanda, Bwana akambariki, akawa na makundi ya kondoo na ng'ombe. Wafilisti wakamhusudu. Wakafanya nini? Hawakumwibia mifugo, wala hawakuchoma shamba lake. Walichukua udongo wakavijaza visima vilivyochimbwa na watumishi wa Ibrahimu baba yake.

Nilipokuwa kijana nilikuwa naupita mstari huo upesi nifike kwenye habari za Yakobo na Esau. Siku hizi nausoma polepole. Nchi ile ni kavu kama hii yetu ya Dodoma. Kuchimba kisima pale ilikuwa kazi ya miezi, kwa mikono, katika jua kali. Na kisima kikishapatikana, hata Mfilisti angeweza kuja na kiriba chake akanywa. Husuda yao ilikuwa kubwa kuliko kiu yao. Tena angalieni jambo hili: maji hayakukauka. Yalibaki pale pale chini ya ule udongo miaka yote, mpaka mwana alipokuja na jembe.

Basi tusiwacheke Wafilisti. Kisima kilichoko nyuma ya kanisa letu, chenye pampu ya mkono, hakuna Mfilisti aliyekifukia. Kilichimbwa mwaka 1996, sisi wenyewe tukabeba mawe na mchanga, watu wa mradi wakaleta pampu na saruji. Maji yake yako meta chache chini, mengi, matamu. Lakini tangu Oktoba 2019 hatujayaonja. Wake zetu na binti zetu wamerudi korongoni, kule kule walikochimbua mchanga bibi zao.

Si sisi peke yetu. Mwaka 1971 Serikali yetu ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo jema, na watu walifanya kazi kweli kweli. Umoja wa Mataifa nao ukaitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji ya kunywa na usafi. Mwaka 1991 ukafika na wengi wetu tulikuwa bado na ndoo kichwani. Sababu ni nyingi: fedha, mafuta ya mashine, vipuri. Lakini mimi niliyekuwapo naijua sababu nyingine. Maji yalikuwa ya Serikali, yalikuwa ya bure, basi pampu ikifa tulikaa kivulini tukaingoja Serikali. Sera ya mwaka 1991 ikasema wananchi wachangie, ile ya 2002 ikasema wazi kwamba gharama za kuendesha na kutunza ni zao, na tangu 2019 tunao RUWASA na vyombo vya jamii vya kusimamia maji. Maneno yote hayo ni mazuri. Hata hivyo mwaka 2009 wataalamu wa maji vijijini walikadiria kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, pampu za mkono kiasi cha theluthi moja zilikuwa zimesimama bila kazi. Kisima kipo, maji yapo, mpini haupandishi kitu.

Je, ni kitu gani kinachoua pampu? Fundi alinifungulia yetu siku moja akanionyesha. Ndani ya bomba, chini kabisa, mna kipira cha duara, si kikubwa kuliko mdomo wa kikombe. Mtu akisukuma mpini, kipira hupanda na kushuka, na ndicho kinachoyainua maji. Mchanga hukila kidogo kidogo. Kikiisha, kisima kizima kimefukiwa. Wafilisti walihitaji udongo wa mikokoteni; sisi twatosheka na kipira kimoja kisichonunuliwa.

Na hapa nataka mtazame mstari wa 18. Isaka alipovichimbua visima vya baba yake, aliviita kwa majina yale yale aliyoyaweka baba yake. Hakuviita Kisima cha Isaka. Mimi nimehudhuria uzinduzi wa miradi mingi maishani mwangu, nimefundisha watoto nyimbo za kumpokea mgeni rasmi, nimemwona akikata utepe na kibao chenye majina kikifunuliwa. Sijaona hata siku moja mgeni rasmi akija kukata utepe kwa ajili ya kipira. Kuchimba kipya kuna sifa. Kukitengeneza cha mwenzako hakuna anayekupigia makofi, nayo ndiyo kazi aliyoifanya Isaka.

Nisisahau habari za choo, ingawa wahubiri hawapendi kuitaja madhabahuni. Someni Kumbukumbu la Torati 23:12-14. Bwana aliwaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na chombo cha kuchimbia, afukie uchafu wake, kwa kuwa Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Hayo ni maagizo ya Mungu, si ya Bwana Afya. Mimi nayakumbuka maarifa hayo tangu utoto, kwa sababu mwaka 1973, nikiwa shule ya msingi, ilikuja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi wakasikiliza, wakasoma vitabu vyake, kisha wakaenda kutenda. Baba alichimba choo chetu cha kwanza mwaka huo. Bibi alikataa katakata kukitumia, eti hawezi kuingia choo kimoja na mkwewe. Baba hakubishana naye. Alichimba cha pili.

Choo na kisima ni somo moja. Kanisa letu la Kianglikana linalo kumbukumbu yake katika jambo hili, mbali na hapa, mjini London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja mdogo. Daktari John Snow alisema ugonjwa umo katika maji ya pampu ya Broad Street, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Kasisi msaidizi wa mtaa ule, Henry Whitehead, kijana bado, hakumsadiki. Akaamua kuonyesha kwamba daktari amekosea, akapita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu aliokuwa amewazikia ndugu zao. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyoona kwamba daktari alisema kweli. Yeye ndiye aliyemgundua mtoto mchanga aliyeugua kwanza, ambaye mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika karo lililokuwa hatua moja tu kutoka kisimani. Nampenda kasisi yule kwa kuwa alikubali kushindwa na ukweli, akausema. (Choo cha kanisa letu kiko hatua 42 kutoka kisimani. Nimezihesabu mwenyewe, mara mbili.)

Sasa nije kwenye deni langu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu na cheti kipya na fimbo mpya. Ilikuwa desturi ya shule nyingi wakati ule kwamba wanafunzi wa kike wawatekee walimu maji, kila asubuhi ndoo moja, kabla ya kengele. Sikuianzisha mimi desturi hiyo, lakini niliipokea kwa mikono miwili. Katika darasa la tano alikuwamo binti mmoja hodari sana wa hesabu, ila alikuwa akichelewa. Nilimchapa. Akachelewa tena, nikamchapa tena. Usiku mmoja, yapata saa nane, nilikuwa natoka msibani nikakatiza korongoni. Nikamulika tochi. Nikamkuta yule binti amelala juu ya mchanga kando ya kishimo, akingoja maji yajae, kata imo mkononi. Alikuwa na ndoo mbili. Nikamwuliza mbona mbili. Akanijibu, "Hii ya nyumbani, Mwalimu, na hii ya kwako."

Nilikoma kumchapa. Ndoo sikuikataa. Nilijiambia kwamba kila mwalimu anatekewa, nami nikikataa nitawaaibisha wenzangu. Alipofika darasa la sita aliacha shule.

Leo yeye ni bibi wa wajukuu, na wengi wenu mnamjua katika Umoja wa Akina Mama. Kamati ya kisima ilipomchagua awe mtunza hazina mwaka 2010, kila ndoo ikitozwa shilingi 50, alinunua daftari kubwa akalipiga mistari kwa rula, kama nilivyomfundisha. Kwa miaka saba hesabu yake haikupungua hata senti. Vipira vilibadilishwa vinne.

Mwaka 2017 tulikuwa tunajiandaa kumpokea Askofu kwa kipaimara, na chumba cha mavazi hakikuwa na mabati. Sanduku la kanisa lilikuwa tupu, sanduku la kisima lilikuwa na shilingi 386,000. Halmashauri ya kanisa ikaamua kuzikopa, zirudishwe baada ya mavuno. Mimi nilikuwa katibu. Yule mama alikataa. Alisema fedha zile si za kanisa, ni za kipira, na wengine waliozitoa ni Waislamu na watu wasiosali popote. Wazee wakanituma nikamweleze. Nikaenda, nikamwambia, "Mama, mimi ndimi niliyekufundisha hesabu. Niamini." Akanitazama sana. Kisha akazihesabu fedha, akaandika katika daftari kwamba kanisa limekopa, nami nikatia sahihi.

Mavuno yalikuja. Baada ya mavuno ikaja sikukuu, baada ya sikukuu ukaja ukarabati wa nyumba ya mchungaji, na watu walipoona fedha zao hazina maelezo wakaanza kuteka bila kulipa. Ndipo kipira kikaisha. Mwaka jana tumezika watoto wadogo wawili wa mtaa huu kwa ugonjwa wa kuhara. Siwezi kusema ni kwa ajili ya maji ya korongo. Wala siwezi kusema si kwa ajili yake.

Mara tatu nimelileta jambo hili katika halmashauri. Wengine wamesema waliokopa ni halmashauri ya zamani, sisi hatuhusiki. Wengine wamesema mambo ya maji tuwaachie wenye kazi yao, kanisa lihubiri Injili. Watumishi wa Isaka nao walipopata maji bondeni waligombana na wachungaji wa Gerari, kisima kile kikaitwa Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba kingine, wakagombana tena, kikaitwa Sitna, uadui. Isaka hakusimama kushindania haki yake, ingawa alikuwa nayo. Aliondoka akachimba cha tatu. Mimi sina haki ya kushindania, kwa sababu sahihi iliyomo katika daftari ni yangu.

Kwa hiyo mwezi uliopita, malipo yangu ya uzeeni yalipofika, nilimpelekea yule mama shilingi 150,000. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia, ya 2017 na ya 1984, lakini nilipofika nikasema machache tu, na mengine hayakutoka. Akanikaribisha kiti. Akalitoa daftari, akaandika tarehe, akaandika kiasi, akatoa: deni la kanisa limebaki shilingi 236,000. Kisha akampa mjukuu wake kikombe aniletee maji ya kunywa. Yalikuwa ya korongo, yamechemshwa. Nikayanywa yote.

Daftari litakuwa mezani karibu na mlango wa kanisa Jumapili mbili zijazo, baada ya ibada ya kwanza, na yule mama atakaa nalo. Atakayetoa aone jina lake likiandikwa. Wasio wa kanisa letu hawadaiwi kitu. Wao ndio wanaotudai.

Fundi amekubali kuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi mapema. Anasema bomba limeunganishwa vipande 8, kila kimoja meta 3, na vyote lazima vitolewe juu ili kipira kifikiwe. Anahitaji wanaume sita wenye nguvu, kamba ndefu na magogo mawili. Mimi nitaleta kamba.